Bumba la nyuki likitua kwako, weka petroli chini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu wa hapa hapa Dodoma, ambaye wiki mbili zilizopita aliandika kwenye ukurasa huu akitaka nyuki wote wanaotua kwenye miti ya mitaani wapuliziwe dawa au wachomwe moto kabla hawajaua mtu. Simlaumu. Mwaka jana mwezi wa tisa ningeandika barua ile ile, na huenda maneno yangu yangekuwa makali kuliko yake. Nataka tu nimweleze yaliyonipata nilipofanya hicho anachokitaka, na niliyoyaona baadaye nilipokwenda kumtembelea mtu anayefuga hao nyuki.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Kibanda changu kiko Nkuhungu, mbele ya nyumba, chini ya mwarobaini. Anayeijua Dodoma anajua Septemba inavyokuwa: vumbi, upepo, chamchela kila mchana, na mtu mwenye kivuli ana mali. Siku hiyo, saa nne asubuhi, nilikuwa napinda sketi za bluu nikasikia mvumo. Nikadhani ni pikipiki. Pikipiki hupita, ule mvumo haukupita. Kutoka nje nikakuta hewa imejaa vidoa vyeusi vinavyozunguka, na haikupita nusu saa vyote vilikuwa vimejikusanya kwenye tawi moja la mwarobaini wangu, vimening'inia, ukubwa wake kama ndoo ya lita kumi.

Lile linaitwa bumba. Siku ile sikulijua jina, nilijua kupiga kelele.

Nikapiga simu ofisi moja, nikaambiwa suala hilo haliwahusu, nipige nyingine. Ya pili haikupokelewa. Ya tatu waliniuliza kama kuna mtu ameshaumwa, nikasema bado, wakasema basi nisubiri. Nisubiri nini, hawakusema. Vijana wa bodaboda wa kijiweni petu ndio walioitika. Wakaleta lita moja ya petroli na fito ndefu. Kitambaa cha kufunga kwenye fito nilitoa mimi mwenyewe, kipande cha tetroni kilichobaki kwenye mashati. Nakiri hilo ili mtu asiseme nawasingizia vijana. Wakachovya, wakawasha, wakainua.

Sehemu kubwa ya bumba ilianguka ikiwaka. Waliobaki hawakukimbia, walitushukia. Mimi nilihesabu miiba kumi na saba, na hiyo ni ile niliyoweza kuiona kwenye kioo. Jirani yangu mwenye mtoto mgongoni alijitupa ndani ya kibanda, tukafunga mlango, tukajifunika sare za watu. Kijana mmoja alivimba midomo hadi pumzi ikawa ya shida, akapakiwa kwenye bajaji kwenda hospitali, na namshukuru Mungu alirudi mzima. Mbuzi wa nyumba ya tatu alikuwa amefungwa kamba kwenye mkwaju. Yeye hakuwa na pa kukimbilia. Alikufa kabla ya magharibi. Mbuzi huyo nimemlipa mimi, Sh 80,000, kwa awamu tatu. Turubai la kibanda liliyeyuka upande mmoja, na sare za watoto arobaini zilinuka petroli wiki nzima, nikazifua upya zote.

Jioni shemeji yangu alikuja kutoa pole. Akaliangalia lile tawi jeusi, akasema, "Shemeji, hawa wangeondoka wenyewe kesho au keshokutwa." Nilimkasirikia, nusura nimnyime chai. Uso umenivimba kama andazi, mtu ananiambia wangeondoka wenyewe!

Miezi minane sikutaka kusikia habari za nyuki. Kisha mwezi wa tano mwaka huu, tarehe 20, redio ilikuwa inazungumzia Siku ya Nyuki Duniani. Shemeji akanipigia simu, akaniambia yupo mzee mmoja, zamani walifanya kazi pamoja reli, anafuga nyuki kwa mapenzi yake tu, twende siku moja nikaone. Nikamjibu kwamba nyuki nimeshawaona. Akasema, "Hapana, uliwaona wakiungua." Hilo likanikaa.

Tukaenda Jumamosi moja ya mwezi wa sita, upande wa Zuzu. Kwa huko ufugaji nyuki si jambo geni. Waziri Mkuu mstaafu, Mheshimiwa Mizengo Pinda, ana shamba lake Zuzu na amewahimiza watu kufuga nyuki miaka mingi. Mzee wetu lakini si mtu mkubwa. Ana nyumba ya vyumba vitatu, mke, kuku, na pori dogo la migunga nyuma ya shamba la uwele. Nikamwamkia kwa Kigogo changu cha kuokoteza, "Mbukwa," akafurahi, akaniitikia kwa maneno mengi ambayo sikuyaelewa. Kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, nilikuwa nimembebea chane ya ndizi mbivu. Akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, halafu akaipeleka ndani mbio na kufunga mlango. Nikajiuliza nimekosea wapi.

Kumbe nilikuwa nimekosea kweli. Nyuki anapouma, mwiba wake una vijimeno vya kunasa, unabaki kwenye ngozi pamoja na kifuko cha sumu, na pale pale unatoa harufu ya kuwaita wenzake. Harufu hiyo inafanana na ya ndizi mbivu. Mzee akasema hajui kama kweli nyuki wangenivamia kwa sababu ya chane moja, "lakini mwanangu, mimi mambo ya kubahatisha niliyaacha kazini." Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mwaka jana nilipoumwa mara moja nilifuatwa na wengine kumi na sita. Mwiba wa kwanza ulikuwa umeniwekea alama. Alinishauri nikiumwa tena niutoe mwiba upesi, nikwangue kwa ukucha nisipoteze muda kutafuta kibanio, kwa sababu kile kifuko kinaendelea kusukuma sumu, kisha niondoke mahali pale.

Tuliambiwa tusubiri mpaka jua lishuke, kwa hiyo tulikaa chini ya mti tukala ugali wa uwele na mlenda, naye akasimulia. Alikuwa karani wa stesheni, na miaka yake mingi aliimalizia Itigi. Waliopanda treni ya reli ya kati zamani wanakumbuka: treni ikisimama kule, akina mama na watoto walikuja madirishani na asali kwenye chupa za kila aina. Siku zisizo na treni alikuwa hana kazi, akaanza kumfuata mzee mmoja mrina asali kwenye vile vichaka vya Itigi, ambavyo ukiingia hatua ishirini huoni ulikotokea. Mizinga yao ilikuwa ya magogo yaliyotobolewa na mingine ya magome, imetundikwa juu mitini. Mrinaji alipanda usiku na mwenge wa nyasi, na moto ule ulikuwa unaunguza nyuki, masega na majana, yaani watoto wa nyuki, kwa pamoja. Asali ilikuwa na rangi ya moshi na masizi juu. "Tulikula tukashiba," akasema, "ila kila msimu tulikuwa tunaanza upya kutafuta nyuki." Nilijua maneno yale yananilenga ingawa alikuwa anamtazama shemeji.

Sasa ana mizinga tisa. Nane ni masanduku ya mbao aliyoyapiga misumari mwenyewe, na mmoja ni gogo la zamani alilolileta kutoka Itigi kwenye behewa la mizigo, la kumbukumbu, na nyuki wake ndio wakali kuliko wote. Ameitundika kwa nyaya kati ya mti na mti, usawa wa kiuno. Nyaya amezipaka oili chafu ili siafu na sungusungu wasipite. Kuning'inia kwenyewe ni dawa ya nyegere: mnyama yule anajua sana kuvunja mzinga uliokaa chini, lakini mzinga unaoyumba unamkatisha tamaa. Ameweka karai la maji lenye mawe ndani, mawe yamechomoza juu, nyuki watue wanywe bila kuzama. Huko mjini, akasema, kuanzia mwezi wa sita mpaka mvua zinyeshe, nyuki wanaokuja kwenye ndoo zenu na bomba zenu hawakuja vitani, wana kiu. Kawekeni karai kama hili mbali na mlango, muwe mnalijaza kila siku, na ndoo zenu mzifunike.

Kabla jua halijazama akanionyesha sanduku tupu, na hapa naomba msomaji univumilie kidogo, maana hiki ndicho kilichonimaliza mimi kama fundi. Juu ya sanduku kumepangwa vijiti vya mbao, wenyewe wanaviita viunzi, vimebanana bila upenyo. Chini ya kila kiunzi kuna mstari mwembamba wa nta, na nyuki hujenga sega lao kuanzia hapo kushuka chini. Mzee akasema upana wa kila kiunzi ni milimita 32. Nilikuwa na futi yangu shingoni, siitoi hata nikienda kanisani, nikapima viunzi vitano. Vyote 32. Nikamwuliza ikiwa 35 je? Akasema nyuki wetu wa Afrika ni wadogo kidogo kuliko wa Ulaya, na nafasi yao kutoka katikati ya sega moja mpaka katikati ya jingine ndiyo hiyo. Ukizidisha, sega la kwanza litakaa sawa, la pili litapinda, la tatu litaunganisha viunzi viwili, na siku ya kufungua utayapasua yote. Mhariri, hiyo ni suruali iliyokatwa bila kuacha nafasi ya mshono. Kosa la sentimita unalifanya juu, unakuja kulilipia chini.

Ana pia sanduku moja la fremu, lile lililobuniwa na mchungaji wa Marekani, Lorenzo Langstroth, aliyepewa hataza yake, yaani hati ya kumiliki ubunifu, mwaka 1852. Mchungaji huyo alitambua kwamba nyuki akikuta upenyo wa chini ya milimita 6 hivi anauziba kwa gundi yake, akikuta unaozidi 9 au 10 anaujengea sega, na ulio katikati ya hapo anauacha uwe njia ya kupita. Sehemu kubwa ya dunia inafuga nyuki kwa hesabu hiyo. Mzee mwenyewe sanduku lile halipendi sana. Anasema fremu ni ghali, na fundi asipokuwa makini wa milimita ni mbao za kuni tu.

Saa kumi na mbili na nusu tukavaa. Ovaroli mbili nyeupe, gambuti, glavu za mpira, na kofia zenye neti ambayo, samahani mwenye mzinga, ilishonwa na mtu asiyejua kushona. Nguo nyeusi hazitakiwi, marashi hayatakiwi. Kwenye bomba la kuwapulizia nyuki moshi akaweka magunzi ya mahindi na kinyesi kikavu cha ng'ombe. Nikamwuliza moshi unawalewesha? Akasema hapana, unafanya mambo mawili. Unaifunika ile harufu ya kuitana, na unawafanya wadhani kuna moto porini, kwa hiyo wanakimbilia kujaza asali tumboni tayari kwa kuhama. Nyuki aliyeshiba anakuwa mzito wa kugombana. Tochi yake ilikuwa imefungwa karatasi nyekundu, kwa sababu nyuki hawaioni rangi nyekundu.

Akainua kiunzi cha pembeni. Sitasema sikuogopa. Magoti yalikuwa yanagongana ndani ya ovaroli, na mvumo ulikuwa ule ule wa Septemba. Lakini mara hii nilikuwa nimesimama naangalia. Sega la kwanza lilikuwa limefunikwa nta nyeupe kote, zito, asali iliyoiva. La tatu lilikuwa na vyumba vya wazi vinavyometa. Hilo akalirudisha: asali ambayo nyuki hawajaifunika bado ina maji mengi, ukiirina itachacha kwenye ndoo. Mbele kidogo kukawa na vyumba vya rangi rangi, njano, kahawia, na chungwa kabisa, hiyo ni chavua, chakula cha majana. Kisha yakaja majana yenyewe, meupe, yamejikunja kama herufi C. Kutoka yai mpaka malkia ni siku 16, dume siku 24, na kibarua, yule nyuki wa kazi, yuko katikati, siku ishirini au moja zaidi. Malkia sikumwona. Mzee anasema hata yeye humwona mara moja moja, kwani nyuki wetu hawatulii juu ya sega kama wale wa Ulaya, wanakimbia kama maji.

Kibarua mmoja alikuwa anatikisa tumbo huku anatembea mstari mfupi, anageuka, anarudi anaurudia mstari ule ule. Mzee akaninong'oneza kwamba huyo anawaelekeza wenzake penye maua: upande mstari unakoelekea unalinganishwa na jua, na urefu wa kutikisa ni umbali. Aliyeifumbua lugha hiyo, Karl von Frisch, alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1973. Nikakumbuka huo ndio mwaka TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma. Nyuki wale walikuwa wameshahama na kurudi mara elfu kabla serikali haijapakia hata kabati.

Tulirina masega matatu tu kwenye mzinga ule. Hakugusa upande wa majana.

Tulipokwisha kuvua ndipo nilipomsimulia habari ya mwarobaini wangu, petroli, tetroni, mbuzi, yote. Alinyamaza kidogo. Akaniuliza walikuwa wanafanya nini kabla hamjawasha? Nikasema walikuwa wamening'inia tu. Akasema, "Mwanangu, wale walikuwa abiria. Wamekaa stesheni, wanasubiri treni."

Akanieleza. Mzinga ukijaa, vibarua wanalea malkia wapya, na malkia wa zamani anatoka na sehemu kubwa ya watu wake kwenda kutafuta makazi mengine. Kabla ya kutoka wanajaza asali matumboni, ndiyo posho ya safari. Wanatua kwenye tawi, wanamzunguka malkia wao, halafu wapelelezi wachache wanatawanyika kutafuta pango au mti wenye uwazi, wakirudi wanacheza ile ngoma yao juu ya bumba lenyewe mpaka wakubaliane. Yaweza kuchukua saa chache, yaweza kuchukua siku mbili. Wakati wote huo hawana mtoto wa kulinda wala ghala la kulinda. Mwezi wa tisa, kwa ukame wetu, huenda walikuwa ni mzinga mzima uliohama kwa kukosa maji na maua. Hao wanaweza kuwa na njaa, na mwenye njaa hana uvumilivu, kwa hiyo akaonya nisije nikaenda kuwashika eti ni abiria. Wanaachwa. Unawaondoa watoto, unafungua kamba za mifugo, unazima cherehani na muziki, unampigia mtu anayejua.

Waliokwisha kuingia ukutani au kwenye dari, hao ni habari nyingine. Wana masega, wana majana, watapigana. Hao nao hawachomwi wala tundu lao halizibwi, kwa sababu ukiziba watatafuta njia ya kutokea sebuleni kwako.

Sasa nirudi kwa msomaji mwenzangu. Anasema nyuki wanaua. Ni kweli, na sitaki mtu aisome barua hii akadhani nimegeuka mpenzi wa kuumwa. Wapo ambao damu yao haiuvumilii mwiba hata mmoja. Akivimba uso, akakosa pumzi, ni hospitali hapo hapo, asipakwe mafuta ya taa wala asali. Ukivamiwa, funika uso, kimbia moja kwa moja uingie ndani ya nyumba au gari, usisimame kupunga mikono na usijitupe kwenye maji, watakusubiri. Lakini mwenzangu ajiulize pia: mwaka jana pale kwangu nyuki walimuumiza nani kabla ya moto? Hakuna hata mmoja. Mbuzi nilimlipia kwa sababu ya fito yangu.

Kuna jingine. Jirani yake mzee analima alizeti, na kila msimu anakuja mwenyewe kuomba mizinga isogezwe karibu na shamba lake, maana alizeti bila nyuki hutoa vichwa vyenye mapepe mengi. Mwingine analima zabibu, naye mzee amemwambia ukweli kwamba zabibu haziwahitaji nyuki sana, asije akamdai. Nimeipenda sana hiyo. Sisi tunaolalamikia bei ya mafuta ya kula kila siku, Dodoma na Singida zikiwa ndiyo mikoa ya alizeti, halafu tunawamwagia petroli wanaoichavusha, tunachekesha.

(Kwa wale mnaopima asali kwa njiti ya kiberiti barabarani: mzee alicheka mpaka akakohoa. Njiti inawaka hata kwenye sharubati nzito ya sukari. Na asali iliyoganda si lazima iwe imetiwa sukari, asali halisi nayo huganda, inategemea maua. Nunua kwa mtu unayemjua.)

Ninachoomba ni kidogo. Nchi yetu ina Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002. Tuna chuo cha ufugaji nyuki Tabora. Kwa Afrika tunaambiwa ni Ethiopia tu inayotupita kwa asali. Wizara ya Maliasili na Utalii, yenye dhamana ya nyuki, imehamia hapa hapa Dodoma. Lakini Nkuhungu hatuna namba ya simu. Miti tumehimizwa kupanda ili jiji liwe la kijani, tumepanda, imekua, inatoa maua, na penye maua nyuki watakuja. Basi kila ofisi ya serikali ya mtaa ibandike ukutani namba mbili: ya afisa nyuki na ya mfugaji mmoja wa karibu aliye tayari kuja. Karatasi moja, kalamu ya wino mzito, gundi. Bajeti haihitajiki. Wafugaji hao wapo, na kwa wanavyosema, bumba la bure ni neema kwao, wanahangaika kupaka nta mizinga mitupu miezi mitatu wakisubiri wapate nyuki.

Jumatatu ya wiki iliyopita, saa tano asubuhi, bumba jingine lilitua. Mwarobaini ule ule, tawi la pili kutoka lile lililoungua. Dogo kuliko la mwaka jana, kama kibuyu. Nilizima cherehani, nikawarudisha watoto ndani, nikamtuma mtu afungue mbuzi wa nyumba ya tatu, nikampigia mzee. Vijana wa kijiweni walipoona nakaa kimya wakaja kuniuliza kama nataka petroli. Nikawaambia kaeni mbali, atakuja mwenyewe.

Alikuja na bajaji saa kumi na mbili na robo, na boksi la karatasi lililotobolewa matundu, shuka jeupe, na moja ya kofia mbili nilizomshonea tangu siku ile ya Zuzu, neti nyeusi mbele ili aone vizuri, nyeupe kwingine. Akatandika shuka chini ya mti, akainua boksi mpaka bumba likaingia ndani yake, akalitikisa tawi mara moja kwa nguvu. Wakaanguka wote kwa kishindo laini, kama unga unapomwagwa. Waliobaki nje wakaanza kuingia wenyewe kwa mstari. Ngazi ilishikwa na kijana yule yule aliyepelekwa hospitali mwaka jana, kasimama hatua ya kwanza tu, kajifunga koti la mvua mpaka puani, lakini hakuiachia.

Giza lilipoingia wakafunga boksi kwa shuka na kuondoka nalo. Sasa mzee ana mizinga kumi. Namba yake nimempelekea mwenyekiti wetu wa mtaa, akaiandika nyuma ya daftari la wageni, na ameniahidi kuibandika ukutani akipata gundi.

Fundi cherehani,
Nkuhungu, Dodoma